Karboni Haichomelewi

Mpwa wangu ana miaka 22 na miguu ambayo Mungu hakumpa kila mtu. Tangu alipoacha shule anabeba mafuta ya mawese kwa baiskeli kutoka Kalima hadi Kindu, hapa jimboni Maniema, kilomita mia moja hivi za udongo mwekundu, anavuka mto pale Alunguli, anauza, kisha anarudi na chumvi, sabuni na betri. Mwezi uliopita alikuja nyumbani kwangu kuniarifu kwamba ameamua kuiuza baiskeli hiyo, na pamoja nayo nusu ya shamba la mpunga aliloachiwa na babu yake, ili anunue fremu ya karboni. Anataka kushiriki mbio za Rwanda, zile za kuizunguka nchi yote, kilomita 1000 hivi, ambapo kila mtu hubeba vitu vyake mwenyewe na hulala pale usingizi unapomshinda.

"Mjomba," akaniambia, "bila karboni nitaenda kuchekwa tu."

Nilimwomba asubiri. Haya ndiyo majibu yangu, na ninayaandika hadharani kwa kuwa si yeye peke yake. Nimeyasikia maneno hayo hayo Kindu kwenye vibanda vya kuchajia simu, nimeyasikia Kalima kwenye uwanja wa mpira, na kila mara yanatoka kwa kijana mwenye kifua na mapaja ya mwanamichezo ambaye ameamini kwamba hana lolote mpaka anunue kitu. Imani hiyo inasema kwamba maandalizi ya mbio ndefu ni ununuzi: baiskeli nyepesi kuliko zote, mifuko ya kisasa, gia za umeme, basi umejiandaa. Naipinga imani hiyo kwa moyo wangu wote. Inawaibia vijana wetu mashamba, na itawaacha porini usiku.

Najua ilikotoka. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa katika ardhi ya Afrika. Tuliyatazama kwenye simu, watu saba kwenye kioo kimoja, na tulifurahi kama watu wa nyumbani. Macho ya vijana yalinasa kwenye zile baiskeli zinazonyanyuliwa kwa vidole viwili. Lakini nani aliangalia nyuma? Nyuma ya kundi lilikuja gari, juu ya gari zilifungwa baiskeli nyingine kamili, na ndani ya gari alikaa fundi mwenye magurudumu tayari mapajani. Baiskeli ya mbio za namna ile ni nyepesi kwa sababu uzito wake umepakiwa kwenye gari. Mbio anazozitaka mpwa wangu hazina gari. Kanuni zake zinakataza msaada wa rafiki au ndugu. Unachoruhusiwa ni kile ambacho mpita njia yeyote angeweza kukinunua, yaani duka lililo wazi kwa wote na fundi aliye wazi kwa wote. Kwa hiyo swali la kwanza la kununua kifaa liwe hili: kikiharibika, ni fundi gani kando ya barabara ataweza kukishika?

Tufanye hesabu, maana wauzaji wa wepesi hawapendi hesabu. Chukua kijana wa kilo 65 mwenye mizigo ya kilo 8. Mpe baiskeli ya kilo 9: jumla kilo 82. Sasa mpe ya chuma yenye kilo 12: jumla kilo 85. Mlimani, ambako uzito ndio unaoumiza, tofauti ni chini ya asilimia 4. Mlima uliokuwa unamchukua saa moja sasa utamchukua saa moja na dakika mbili na kidogo. Dakika mbili! Na kwenye tambarare na mteremko hata hizo hazionekani. Kwa ajili ya dakika hizo kijana anataka kuuza ardhi.

Upande wa pili wa mizani weka kitu kidogo kama tundu la valvu. Nalijua kwa maumivu. Miaka michache iliyopita mgeni mmoja aliyepita Maniema aliniachia baiskeli yake nyepesi kwa juma moja, nikaona niende nayo Kindu nikajivunie. Mwiba ukaingia, tyubu ikachanika kwenye shina la valvu, mahali ambapo kiraka hakishiki. Kijijini kulikuwa na tyubu mpya za inchi 28, nzuri kabisa. Lakini valvu ya tyubu zetu ina unene wa milimita 8, na tundu la rimu ile lilikuwa la milimita 6 na nusu. Haikuingia. Duka limejaa tyubu, fedha ninazo mkononi, na bado nilitembea kwa miguu hadi giza likaniingilia. Tairi nayo ni vivyo hivyo. Tairi ya inchi 28 inayotundikwa kwenye kila duka la Maniema imetengenezwa kwa rimu ya milimita 635. Rimu ya baiskeli za kisasa ni milimita 622. Ni milimita 13 tu, lakini tairi hiyo haitashika. Hakuna tangazo la karboni litakalokuambia habari hiyo, na mtu anayejiandaa kwa njia ndefu anapaswa kuijua kabla ya kujua uzito wa fremu.

Mwenzangu mmoja wa Kindu, mwalimu, aliniambia kwamba ninatetea umaskini. Sikubali. Ninachotetea ni elimu, na elimu hiyo ipo barabarani kila siku, tunaipita tukiipigia honi isogee pembeni.

Mwezi wa tano niliketi nusu siku na msukuma kinga mmoja, maana kinga ndilo jina la baiskeli huku kwetu, kwenye kibanda cha mama anayechoma ndizi, pale kilima kinapoanzia. Alikuwa na bidoni sita. Bidoni ya lita 20 ikijaa mawese ina kilo 18 hivi, kwa hiyo alikuwa anasukuma kilo mia na ushei za mafuta peke yake. Foku ya baiskeli yake imeongezwa nondo mbili, moja kila upande, zilizochomelewa Kalima. Kanyagio hazikuwepo, alizifungua akazitia mfukoni kwa sababu mlimani hapandi, anasukuma, na kanyagio humgonga miundi. Fimbo moja imefungwa kwenye usukani, ya kuongozea. Nyingine imesimama nyuma ya siti, ya kusukumia. Tairi ya nyuma ilikuwa imepasuka urefu wa kidole.

Akashusha mzigo, bidoni moja moja, bila kulalamika. Akatoa sindano ya kushonea magunia na uzi wa mshipi. Akashona pasuko lile kwa mishono kumi na moja, niliihesabu, kila mshono akiukaza kwa meno. Akalaza ndani kipande cha tairi kuukuu alichokwisha kukipunguza kingo kwa wembe ili kisije kikaikata tyubu. Tyubu akaiziba kwa kiraka alichokikata kwenye tyubu iliyokufa zamani; kiraka akakisugua kwenye jiwe, akapaka gundi, akasubiri. Alijua kusubiri. Vijana hubandika gundi ikiwa mbichi, halafu wanalaumu gundi. Kazi nzima dakika 40, na vifaa vyote vilitoka kwenye kopo la maziwa ya unga lililofungwa chini ya siti kwa ukanda wa mpira.

"Yaya," nikamwuliza, "hii itafika Kindu?"

"Itafika," akasema. "Na ikikataa, sindano bado ninayo."

Huyo ndiye mtu aliyejiandaa. Kila kitu alichobeba alikuwa ameshakitumia, na kila kitu kilichoweza kuvunjika alijua kukifufua. Mpeleke Rwanda na baiskeli yenye gia, mpunguzie zile kilo mia, uone.

Wazungu wenyewe waliwahi kulijua jambo hili. Mwaka 1913, katika Tour de France, foku ya Eugène Christophe ilivunjika kwenye mlima Tourmalet. Enzi hizo kanuni ilimtaka kila mshindani atengeneze baiskeli yake kwa mikono yake. Christophe aliibeba begani zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwenye karakana ya mhunzi, akawasha moto akafua foku yake upya huku wasimamizi wakimtazama. Walimwadhibu kwa dakika kadhaa kwa sababu kijana mmoja alimvutia mivukuto. Alipoteza saa nyingi, na bado alimaliza mashindano hayo akiwa wa saba. Angekuwa na foku ya karboni angefanya nini pale kwa mhunzi? Angekaa chini akalia. Chuma kinachomelewa. Kalima tuna mafundi wa kuchomelea, na baadhi yao ni watoto wa watu waliojifunza kazi katika karakana za Sominki, kabla kampuni hiyo ya madini haijafa mwaka 1997. Mji uliozaliwa kwa ajili ya bati haukosi mtu wa kushika chuma na moto. 

Sasa nisieleweke vibaya. Simwambii mpwa wangu apande milima ya Rwanda na kinga ya mizigo isiyo na gia. Hiyo itamvunja magoti siku ya kwanza. Namwambia atafute baiskeli ya chuma ya mtumba, ile ya milima, yenye magurudumu ya inchi 26 ambayo tairi zake anazipata Kindu, anazipata Bukavu na Kigali pia. Iwe na gia chache zinazovutwa kwa waya, kwa sababu waya ukikatika unabadilishwa kando ya barabara, lakini gia za umeme betri ikiisha unabaki na gia moja. Tundu la rimu lipokee valvu nene. Gololi za magurudumu azifungue mwenyewe, azioshe kwa mafuta ya taa, azipake grisi, azifunge, arudie mpaka aweze kufanya hivyo gizani. Kwa taa, dinamo. Wazee wetu walikuwa na dinamo iliyosuguana na tairi, tukawaita washamba, na leo waendeshaji wa mbio ndefu wa Ulaya wanalipa fedha nyingi kuwekewa dinamo ndani ya habu ya gurudumu la mbele.

Mifuko? Gunia gumu na kanda za tyubu hufunga mzigo usicheze, na mzigo usiocheza ndio shabaha nzima ya mifuko. Siti naichukulia kwa uzito mkubwa: usipande kwa saa thelathini siti ambayo hujaipanda kwa saa kumi, hata kama ni zawadi.

Kuna kitu kimoja ambacho orodha za vifaa zinazotoka Ulaya mara nyingi hazikitaji, nacho ni chandarua. Wanaandika mfuko wa kulalia wenye manyoya ya bata, wanaandika gramu zake. Kwetu mtu anayelala kando ya mto bila chandarua ameshaamua atakavyomaliza mbio, na homa haijali fremu imetengenezwa kwa nini. Chandarua cha mtu mmoja ukikikunja kinaingia kwenye kopo. Na tumbo pia liandaliwe. Kijana aliyekulia bukari na sombe asianze siku ya mashindano kunywa uji wa sukari wa kwenye vipakiti. Ajifunze mapema kula akiwa juu ya baiskeli vile atakavyovikuta njiani, ndizi, mihogo, wali uliofungwa kwenye jani.

Wataniambia: lakini washindi wanapanda karboni. Wengi wao, ni kweli. Mtu aliyekwisha kufanya mazoezi ya miaka kumi, ambaye akivunja fremu atanunua nyingine Jumatatu, ana haki ya kuzitafuta zile dakika mbili. Na ukipewa karboni bure, ipokee, shukuru, kisha panua tundu la rimu. Ninachokataa ni mpangilio: kuanza na kitu cha mwisho, na kukilipia kwa kitu ambacho hakirudi. Shamba la mpunga halirudi.

Kwa hiyo nimempa mpwa wangu kazi. Kabla ya kuuza chochote, atoke Kalima jioni akiwa na kilo 20 za mzigo wake mwenyewe, aendeshe usiku kucha hadi Kindu, alale saa tatu, arudi. Afanye hivyo mara nne, mbili kati ya hizo mvua ikinyesha. Kila kitakachovunjika akitengeneze peke yake na aandike kwenye daftari kilivunjika wapi na alikosa kifaa gani. Daftari hilo ndilo litakuwa orodha yake ya manunuzi. Nimemwahidi kwamba likijaa, nauli ya Kigali nitaitoa mimi.

Nawe kijana wa Kalima, wa Pangi, wa Kailo, wa Kibombo, uliyekwisha kumtafuta mnunuzi: mrudishie fedha zake. Tafuta sindano ya magunia, uzi wa mshipi na kopo, na uje Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwenye kivuko cha Alunguli saa kumi na mbili asubuhi. Mpwa wangu atakuwa anafika.