Miwani inayotoka kwenye mchanga wetu ifundishe wachimbaji wetu

Koltan ya Rubaya, kule Masisi, inatoa tantale, inayotumiwa ndani ya vipande vidogo vya kutunza umeme katika telefone na ordinateri. Kasiterite ya Bisie, kule Walikale, inatoa bati, na bati ndilo linalounganisha vipande hivyo. Bila madini ya namna hii hakuna telefone, na hakuna pia ile miwani mikubwa ambayo watu wanavaa siku hizi huko ngambo.

Miwani hiyo ni ya uhalisia pepe, kwa Kifaransa réalité virtuelle. Inafunika macho yote mawili. Mtu akiivaa anajiona yuko mahali pengine: akigeuza kichwa, picha nayo inageuka. Iko na ndugu yake, réalité augmentée. Hiyo inakuacha uone mahali ulipo, kiisha inaongeza picha ao maandishi juu yake. Vijana wetu waliisikia mwaka 2016 kupitia mchezo wa Pokémon Go, na wengi wanafikiri ni mambo ya kucheza tu.

Hapana. Huko Marekani, tangu miaka ya 1990, madaktari wanavalisha watu walioungua miwani hiyo wakati wa kusafisha vidonda, na maumivu yanapungua. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Pretoria kilifungua mwaka 2015 kituo cha uhalisia pepe kwa ajili ya kazi za migodi. Katika mafunzo ya namna hiyo, mtu anaonyeshwa jiwe linalotaka kuanguka na njia ya kukimbilia. Akikosea, anaanza tena.

Kwetu mambo yako namna gani? Kijana mpya anafundishwa ndani ya shimo lenyewe, na mwenzake aliyemtangulia kidogo tu. Akikosea, hakuna kuanza tena. Sheria inakataza mchimbaji wa mikono kupita metre 30 chini, lakini koltan ikionekana, nani anapima? Na kila mvua kubwa, familia za Rubaya hazilali, juu ya udongo wa mlima unaoteremka.

Ndiyo maana tunasema: teknolojia hii irudi kule mchanga wake unatoka. Haiombi mashine za bei kali. Tangu mwaka 2014 watu wanatumia kisanduku cha karatasi ngumu chenye vioo viwili, telefone ya kawaida inawekwa ndani. Coopérative moja inaweza kupiga picha za kuzunguka pande zote: shimo letu lililotiwa miti vizuri, na lingine lenye ufa. Maelezo yawe kwa Kiswahili, kwa Kihunde, kwa Kinyarwanda, kwa Kinyanga. Panneau ya jua inatosha kuchaji telefone.

Na picha hizo zifike nyumbani. Mama anayengojea bwana yake jioni hajawahi kuingia shimoni. Akiona kwa macho ufa unafanana namna gani, ataweza kuuliza asubuhi: «Mumetia miti? Maji ya mvua mumeyatolea njia?» Swali la bibi linaweza kushinda maneno ya PDG.

Nani alipe? SAEMAPE iko na kazi ya kusaidia na kufundisha wachimbaji wa mikono: ianze. Kampuni zinazochimba kwa mashine, sawa ile ya Bisie, zinadaiwa na Code minier ya 2018 kutoa angalau 0,3% ya chiffre d'affaires kwa maendeleo ya wenyeji. Wenyeji wa Walikale wanaweza kuomba mafunzo haya yaandikwe ndani ya mipango hiyo. Na kule Rubaya, yeyote anayekata taxe kwenye kilo ya koltan, awe na kalamu ao bunduki, iko na deni kwa yule anayeitoa chini.

Tusidanganyane lakini. Miwani haitashika mlima. Miti, kofia ngumu na mifereji ya maji vinakuja kwanza, na anayeuza miwani bila kuleta miti ni mufanya biashara tu. Makomite ya coopérative, ulizeni mambo haya katika mkutano wenu unaokuja. Telefone muko nazo tayari, na mvua haitawangojea.