Imani Isiyosubiri Ndege

Vijana wenzetu wa Nyarugusu, wa Nakivale, wa Kakuma, wa Dzaleka na popote mlipo kambini. Nanyi kaka na dada wa mashirika mnaopenda kusoma maandishi yetu. Leo tunaomba tuongee jambo ambalo watu wanalisema chini chini wakitoka ibadani, lakini mbele ya mimbari hakuna anayeligusa.

Tuseme ukweli. Katika makanisa yetu mengi ya kambini, imani ya kijana imelelewa ikitazama ndege. Tunafunga kwa ajili ya kesi. Tunakesha kwa ajili ya intavyuu. Ushuhuda unaopigiwa makofi kuliko wote ni wa familia iliyoona jina lake ubaoni. Hatusemi ni vibaya kumwomba Mungu safari. Mkimbizi asipomwomba Mungu njia, amwombe nani? Tunachosema ni kwamba mtoto akikua anasikia kila Jumapili kuwa baraka ya Mungu ni kuondoka hapa, siku safari ikikataa ataona Mungu ndiye amemkataa.

Na siku hiyo ilifika. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha kuwapokea wakimbizi. Hata watu waliokuwa tayari na tarehe ya kuondoka walifutiwa safari. Kuna walioshauza kitanda, sufuria na mabati. Mwaka huohuo pesa za misaada zikapungua, na mgao wa chakula ukakatwa katika kambi nyingi. Sasa angalieni mabenchi ya vijana kanisani. Wenye kuimba bado wapo, lakini wengi wamenyamaza kimoyomoyo. Wengine wameacha kuja. Na wengine wamemkimbilia nabii mpya anayesema ameona visa katika maono, ila kwanza mtu alete sadaka ya kufungua njia.

Jambo hili si geni, liko katika Biblia yetu. Someni Yeremia sura ya 28 na ya 29. Watu wa Yuda walikuwa wamepelekwa uhamishoni Babeli. Akasimama nabii mmoja, Hanania, akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili mambo yote yatakuwa yameisha na watu watarudi. Bila shaka watu walipenda kusikia hivyo. Yeremia akawaandikia barua yenye maneno magumu: itachukua miaka 70. Kwa hiyo wajenge nyumba, walime bustani, waoe na kuolewa, waombee amani ya mji ule ule walikokaa. Hakuwaambia wasahau kwao, maana ahadi ya kurudi ilikuwa ndani ya barua hiyohiyo. Aliwaambia wasiache kuishi wakiwa wanangoja.

Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Nakivale ipo tangu miaka ya 1950 mwishoni. Wengi wetu tumezaliwa humu humu, Congo tunaijua kwa masimulizi ya mama. Tukisema tutaanza kukua kiroho tukishafika, je, kama hatutafika? Na tukifika, tutafika na nini?

Ndiyo maana sisi tunasema hivi: kanisa la kambini likuze watu wanaoweza kusimama hata safari isipokuwepo, na hata mchungaji akiondoka.

Mfano upo, nao ni kanisa la wakimbizi. Katika Matendo ya Mitume sura ya 11, watu waliotawanywa na mateso yaliyotokea baada ya kifo cha Stefano walifika Antiokia, mji ambao leo uko Uturuki. Hawakuwa mitume. Majina yao hata hayakuandikwa. Walikuwa watu waliokimbia, wakaanza kuongea habari za Yesu na majirani. Yerusalemu ikamtuma Barnaba aende kuangalia. Alipoona, hakuanza na mkutano mkubwa wa vipaza sauti. Alienda Tarso kumtafuta Sauli, wakakaa na watu wale mwaka mzima wakiwafundisha. Mwaka mzima, ndugu! Na ni hapo Antiokia wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Kumbe hilo jina tunalojiitia lilianzia katika kanisa lililopandwa na wakimbizi, baada ya watu kukaa chini na kujifunza.

Halafu angalieni matunda yake. Ilipotabiriwa njaa, hawa wa Antiokia wakachanga, kila mtu kwa kadiri alivyoweza, wakapeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi. Walikuwa watu wa kutoa, si wa kupokea tu. Na sura ya 13 inaonyesha viongozi watano wa asili tofauti: Barnaba wa Kipro, Simeoni aitwaye Nigeri, Lukio wa Kirene, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na Sauli. Ni kama kanisa letu lenye Mbembe, Mfuliiru, Mrundi na Mnyarwanda. Kisha wakawaachia wawili wao, Barnaba na Sauli, waende kwingine. Kanisa halikufa, kwa sababu watatu walibaki na wengi walikuwa wamefundishwa.

Kwetu sisi mambo yakoje? Mwalimu wa kwaya akipanda basi la kuanza safari, kwaya inavunjika. Mhasibu akirudi Burundi, daftari linapotea. Mchungaji akihamia nchi ya tatu, waumini wanagawanyika makanisa mawili, kila upande na turubai lake. Tunalia kwamba shetani ameingia. Labda kweli. Lakini pia hakuna aliyekuwa ameandaliwa.

Tunapendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

La kwanza, madarasa madogo. Watu kumi au kumi na wawili wa mtaa mmoja, mara moja kwa wiki. Wakatoliki wa Afrika Mashariki walishaona tangu miaka ya 1970 kwamba jumuiya ndogo ndogo ndizo zinazobeba kanisa, na ndugu zetu wa Kipentekoste tunazo selula za maombi. Shida ni kwamba selula nyingi ni kuomba tu, hakuna kujifunza. Chukueni Injili ya Marko. Ina sura 16, yaani wiki 16 mmemaliza. Mmoja aje na Biblia ya Kiswahili, mwingine ya Kirundi, mwingine ya Kifaransa, mlinganishe. Maswali yawe matatu: sura hii inasema nini? Ni wapi hatukuelewa? Wiki hii tutafanya nini? Swali la tatu ndilo linalolea mtu. Kama mlisoma habari ya kusamehe, wiki ijayo mtu aseme kama alienda kwa jirani waliyegombana kwenye bomba la maji. Asipokuwa ameenda, msimhukumu, mwombeeni na mmsindikize.

La pili, kila mwenye kazi awe na mtu pembeni yake. Paulo alimwagiza Timotheo ayakabidhi mafundisho kwa watu waaminifu, nao wawafundishe wengine. Basi mhasibu awe na kijana anayejua kufunga hesabu. Mwalimu wa shule ya Jumapili awe na msichana anayefundisha naye, na baada ya miezi michache yeye akae nyuma, msichana asimame mbele. Tena tusisahau kwamba imani ya Timotheo ilianzia kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Mama zetu wanaoongoza maombi alfajiri wanajua Maandiko kuliko wengi wenye koti na tai. Wapeni darasa.

La tatu, maombi yasiuzwe. Tunajua huduma za UNHCR ni za bure. Mtu akikuomba pesa ili kesi yako isogee, tunamwita tapeli. Sasa yule anayeomba pesa hiyohiyo kwa jina la Yesu tumwite nani? Wazee wa kanisa, tunawaomba kwa heshima: lisemeni hili wazi madhabahuni. Kijana akidanganywa kanisani, anaweza kumwacha Mungu kwa ajili ya mtu mmoja.

Tunajua majibu ya wazee wetu. Wanasema vijana hawana utulivu, leo yuko kwenye kwaya, kesho yuko na simu na mambo ya kubeti. Baba zetu, hamkosei, tunajijua. Lakini mtu hatulii kwenye kazi ambayo hajapewa. Kama kazi yetu kanisani ni kubeba viti na kupiga kinanda, mchango wetu utaishia hapohapo. Na vijana wengine wanatuuliza: imani inajaza tumbo? Hapana, haijazi, na anayewaambia inajaza anawadanganya. Lakini mtaa ambao watu kumi wanakutana kila wiki, mama akikosa unga inajulikana siku hiyohiyo, na mtu hawezi kufikia kukata tamaa ya kuishi bila mwenzake yeyote kuona. Hiyo si kazi ndogo katika mwaka kama huu.

Kwenu kaka na dada wa mashirika. Mnatufikia kanisani kutangaza chanjo, uhakiki na mgao, nasi tunafurahi. Tunaomba mambo mawili. Msipange mafunzo ya vijana Jumapili asubuhi, kwa sababu mtapata wale wasio na majukumu mahali popote. Na msaada wa vitu usipitishwe kwa jina la dhehebu. Sabuni ikigawiwa kanisa fulani, wiki inayofuata watu wanahama kanisa, halafu Mwislamu jirani yetu anabaki akiangalia. Njaa yake na yetu ni moja. Sisi tunataka mtu aje kwa Yesu kwa sababu amemsikia, si kwa sababu ya kipande cha sabuni.

Vijana wenzetu, tusingoje semina. Wiki hii tafuteni watu watano, siku moja, saa moja, Marko sura ya kwanza. Andikeni majina yenu kwenye daftari, na pembeni ya jina la kiongozi andikeni jina la atakayeshika akiondoka. Ndege ikija, muende mkiwa watu wazima katika imani, na huko mkaanzishe darasa. Isipokuja, darasa hapa linaendelea.

Mungu awabariki.