Nyuki wa Tanga, Unga wa Mahiwa

Pigano la Tanga la Novemba 1914 lina kila anachokitafuta msimulizi: jemadari mwenye majivuno, adui mchache lakini mjanja, mji wa pwani, na nyuki. Majeshi ya Uingereza yaliyotoka India, watu wapatao 8,000 chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, yalitokea nje ya bandari tarehe 2. Kabla ya risasi ya kwanza kulia, nahodha wa manowari HMS Fox, Francis Caulfeild, aliteremka kumtaka mkuu wa wilaya wa Kijerumani ausalimishe mji, akampa saa moja ya kufikiri. Saa hiyo, pamoja na nyingi zilizofuata huku Waingereza wakihangaika kutafuta mabomu ya majini ambayo hayakuwapo, zilimtosha Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, kuwaleta askari wake kwa treni kutoka Moshi.

Tarehe 4 wakakutana katikati ya mashamba yaliyo kati ya Ras Kasone na mji. Lettow alikuwa na watu elfu moja hivi, wengi wao askari Waafrika. Wale wa India walikuwa wametoka kukaa majuma kadhaa ndani ya meli, wamechoka, wamelegea kwa kichefuchefu, na wengi hawakuwa wamewahi kupigana pamoja. Risasi zikaitikisa mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini, nyuki wakatoka bila kuuliza nani wa nani. Walidunga pande zote mbili, lakini simulizi iliyobaki ni ya Mwingereza anayekimbilia baharini. Jioni ya tarehe 5 Aitken alikuwa ameshawarudisha watu wake melini. Nyuma aliacha mamia ya maiti, bunduki, na risasi zipatazo 600,000, zawadi ambayo Lettow hangeweza kuagiza kutoka Ulaya hata kama angekuwa na fedha. Aitken alishushwa cheo.

Hadithi tamu, na sina ugomvi na utamu wake. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kuichukua hadithi tamu na kuifanya ndiyo historia yenyewe. Vitabu vya mapigano mashuhuri ya dunia, vile vyenye ramani za mishale myekundu na ya buluu, vimejengwa juu ya dhana kwamba hatima ya mataifa huamuliwa mchana mmoja, uwanjani, na mtu mmoja aliyeketi juu ya farasi. Tanga imo katika vitabu hivyo. Swali la kuuliza ni Tanga iliamua nini.

Kwa nani aushike mji, haikuamua kitu cha kudumu. Julai 1916, miezi 20 baada ya aibu ile, Waingereza waliingia Tanga karibu bila kupigana, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wameshaondoka huku jeshi la Waingereza chini ya Jan Smuts likisukuma kuifuata reli ya Usambara. Na kwa nani ashinde vita, nako haikuamua. Lettow alijisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, kwa sababu ya mambo yaliyotokea Ulaya, maelfu ya kilomita kutoka Ras Kasone.

Linganisha sasa na Mahiwa. Asafiriye kutoka Lindi kwenda Masasi hupita jirani yake, karibu na Nyangao, na sidhani kama abiria mmoja kati ya mia anajua kilichotokea pale. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 majeshi mawili yalikabana humo kwa siku nne. Upande wa Waingereza, waliokuwa na kikosi kikubwa cha Wanaijeria, waliouawa na kujeruhiwa walizidi 2,000. Upande wa Wajerumani walizidi 500. Hakuna pigano katika vita vya Afrika Mashariki lililomwaga damu kiasi hicho. Lettow alibaki na uwanja, kwa hiyo kwa kanuni za vitabu vya mishale, alishinda. Lakini risasi zake za bunduki za kisasa zilikuwa karibu kwisha, na watu aliowapoteza hakuwa na wa kuwaziba. Kabla ya miezi miwili kupita alivuka Ruvuma na kuivamia kambi ya Wareno ya Ngomano, kutafuta chakula, risasi na dawa. Mshindi wa Mahiwa alikuwa mtu mwenye njaa. Mahiwa haina nyuki, basi haina msimulizi.

Wapo watakaonijibu kwa neno moja: Adwa. Wana haki. Machi 1, 1896, jeshi la Mfalme Menelik wa Pili lililivunja jeshi la Italia la Jenerali Oreste Baratieri kati ya milima ya kaskazini mwa Ethiopia, na kabla mwaka haujaisha Italia ilitia saini mkataba wa kuutambua uhuru wa nchi hiyo. Waziri mkuu Francesco Crispi alianguka. Kizazi kizima cha Afrika na cha Waafrika walioko Marekani na Karibi kilikua kikilitaja jina hilo kwa fahari. Siwezi kusema Adwa haikuamua kitu, na anayesema hivyo anabishana kwa kupenda ubishi.

Hata hivyo isome Adwa kuanzia siku zilizoitangulia. Januari ile Waitalia waliokuwa ngomeni Mekelle walisalimu amri baada ya kukatiwa maji, na mkakati huo unahusishwa na Malkia Taytu mwenyewe. Kufikia mwisho wa Februari Baratieri alikuwa amebakiza chakula cha siku chache, na Crispi anamsukuma kwa simu za maandishi kutoka Roma. Menelik naye, akiwa na watu wapatao laki moja katika nchi iliyokwisha kulika, alikuwa anahesabu siku kabla ya kulazimika kuwatawanya. Majemadari wawili walikuwa wakitazamana kuona nani ataishiwa unga kwanza. Baratieri hakustahimili, akatembeza vikosi vyake usiku kwa ramani mbovu, vikapoteana. Ushujaa wa asubuhi ile ni wa kweli. Lakini uamuzi wa kupigana siku ile, mahali pale, ulitoka ghalani.

Kwetu tunao mfano wa kinyume, na ni mchungu zaidi kwa kuwa tunaupenda. Agosti 17, 1891, Wahehe wa Mkwawa walivizia msafara wa Kijerumani wa Emil von Zelewski pale Lugalo, Iringa, wakaufyeka. Zelewski mwenyewe aliuawa. Ni ushindi uliostahili kambi ya jeshi kupewa jina la Lugalo. Lakini miaka mitatu baadaye Wajerumani walirudi na mizinga wakaibomoa ngome ya Kalenga, na baada ya hapo vita viligeuka kuwa vya kuchoma maghala na kuteka ng'ombe, hadi Mkwawa alipokufa mwaka 1898. Njia hiyohiyo ilitumika kusini baada ya mapigano ya kwanza ya Maji Maji. Wengi wa waliokufa katika Maji Maji, ambao idadi yao hukadiriwa kuwa mamia ya maelfu, hawakufa kwa bunduki. Walikufa kwa njaa iliyokusudiwa.

Nirudi kwa Tanga, kwa sababu kuna jambo moja ililoliamua kweli, na halimo kwenye hadithi ya nyuki. Laiti Aitken angefaulu, reli ya kaskazini ingekuwa mikononi mwa Waingereza tangu mwaka wa kwanza, na pengine vita vingekwisha mapema. Alivyoshindwa, na kwa bunduki na risasi alizoziacha, vita viliendelea miaka minne. Kipimo cha ushindi ule wa Lettow ni gharama ya miaka hiyo minne, na ni lazima tuulize aliyeilipa ni nani.

Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa mizigo kwa maelfu. Magari yalikuwa machache na barabara hazikuwapo. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Chukua mpagazi mmoja aliyebeba kilo 25 za unga, na tuseme anakula kilo moja kwa siku, kwa kuwa njiani hakuna kingine. Kituo kikiwa mbali mwendo wa siku 10, atakula kilo 10 kwenda na 10 kurudi. Askari aliye mbele atapata kilo 5. Kituo kikisogea hadi siku 12 na nusu, mpagazi anafika na chakula chake cha kurudia tu. Askari hapati hata konzi moja. Jemadari ana njia mbili: aongeze wapagazi wa kuwalisha wapagazi, au apunguze posho ya mpagazi. Waingereza walifanya yote mawili.

Ndiyo sababu walihitaji watu wapatao milioni moja, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na kwingineko. Mwaka 1917, John Ainsworth alipokabidhiwa kazi ya kuandikisha watu Kenya, kulikuwa na vijiji vilivyobaki na wazee, wanawake na watoto. Mtu aliyezoea ndizi au viazi alipewa unga wa mahindi akiwa hana muda wala kuni za kuupika ukaiva. Tumbo likaharibika, kuhara damu kukafuata, na waliotoka nyanda za baridi wakakutana na malaria kwa mara ya kwanza. Waliokufa hukadiriwa kuwa karibu 100,000, wengi wao bila kuliona jeshi la adui hata kwa mbali. Upande wa Wajerumani watu walikamatwa vijijini wabebe mizigo, na daftari la maana halikuwekwa. Tena usisahau waliobaki nyumbani. Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalichukua nafaka, mifugo na wanaume, ilikumbwa na njaa ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya. Katika wilaya ya Dodoma pekee watu wapatao 30,000 wanakadiriwa kufa.

Hapa ndipo sifa za Lettow zinaponikwama kooni. Kwa mbinu alikuwa hodari, sikatai. Lakini ule umashuhuri wake wa jemadari asiyeshindwa uwanjani, uliofanya apokewe kwa gwaride Berlin mwaka 1919, ulisimama juu ya nafaka za watu wasiokuwa na ugomvi na Uingereza wala na Ujerumani. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wake wazee waliokuwa bado hai. Ilikuwa haki yao. Malipo hayo yalikuwa ya askari, yaani ya waliobeba bunduki.

Waingereza nao walikuwa na hesabu yao ya nani akumbukwe vipi. Sanamu ya Askari iliyopo katikati ya Dar es Salaam ilisimamishwa mwaka 1927; ni ya shaba, bunduki yenye singe imeelekezwa mbele. Ile ya Nairobi, iliyofuata mwaka mmoja baadaye, ina mpagazi miongoni mwa watu wake watatu, na nawasifu kwa hilo. Zote hazina majina, na haikuwa bahati mbaya. Waliokuwa na madaraka waliamua kwamba Mzungu atapata kaburi lenye jina, na Mwafrika atatoshwa na sanamu ya wote. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri jambo hilo katika ripoti yake na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Mwalimu mmoja wa historia niliyezungumza naye juu ya haya alinipinga kwa hoja nzuri. Vijana, alisema, hawatasisimkwa na unga. Wape nyuki kwanza. Nakubaliana naye nusu. Wape nyuki, wape Caulfeild na saa yake moja, maana somo lisilo na hadithi halikai kichwani. Lakini mtihani usiishie kuuliza nani alishinda Tanga. Mpe mwanafunzi ramani ya kutoka Lindi hadi Mahiwa, kilo 25, na idadi ya askari wanaosubiri kula, umwambie akokotoe wapagazi wangapi wanahitajika kwa mwezi. Ni hesabu ya kidato cha pili. Akimaliza, mwulize wametoka wapi.

Hoja ya pili aliyonipa ni ngumu zaidi: kwamba taifa changa linahitaji ushindi wa kujivunia, na mimi ninataka kumnyang'anya mtoto Lugalo ili nimpe kuhara damu. Sitaki kumnyang'anya Lugalo. Nataka asome na miaka saba iliyofuata Lugalo, kwa sababu baada ya Kalenga kubomolewa Wahehe walipigana bila ngome na bila ghala, na sioni kwa nini hilo lihesabike kuwa ushujaa mdogo kuliko wa asubuhi moja ya mwezi wa Agosti.

Kuhusu kumbukumbu za mawe, pendekezo langu ni la gharama ndogo. Soko kubwa la Kariakoo, Dar es Salaam, lipo katika eneo lililokuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Uingereza, na jina lenyewe limetokana na kikosi chao. Maelfu hupita pale kila siku na mizigo kichwani, begani na kwenye mikokoteni. Halmashauri iweke ukuta, na Tume ile ya Makaburi, iliyokwisha kuahidi kutafuta majina, ilete yale inayoyapata kwenye madaftari ya malipo, yachongwe moja moja. Likipatikana jina moja tu bila kijiji wala kabila, lichongwe hivyohivyo.