Majalada ya Serikali Mbele ya Mahakama

Mwananchi anapoishitaki Serikali kwa shauri la madai, hukabiliwa na tatizo asilokuwa nalo anapomshitaki jirani yake. Ushahidi mwingi anaouhitaji umo mikononi mwa yule yule anayemshitaki: umo katika majalada, katika barua za siri na katika kumbukumbu za mikutano ambayo yeye hakualikwa. Ndiyo maana sheria za nchi nyingi, ikiwamo Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya Tanzania ya mwaka 1966, zimeweka utaratibu wa wadaawa kuonyeshana hati kabla ya shauri kusikilizwa. Wengi hudhani kwamba hilo ni jambo la mawakili peke yao. Historia yatufundisha vinginevyo.

Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya waliishitaki Serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London, wakidai fidia kwa mateso waliyotendewa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau, katika miaka ya 1950. Wazee hao walikuwa na makovu, lakini hawakuwa na karatasi. Serikali ya Uingereza ilijibu kwamba deni hilo, kama lipo, lilirithiwa na Serikali ya Kenya siku ya uhuru. Tena kwamba miaka imepita mingi mno hata shauri haliwezi kuamuliwa kwa haki.

Hata hivyo, sheria ya Uingereza yenyewe humtaka mdaiwa azitafute hati zilizo chini ya mamlaka yake na kuzitaja, pamoja na zile zinazomdhuru. Desemba 2010 mwanahistoria David Anderson aliieleza mahakama kwamba majalada yapatayo 1,500 yalihamishwa kutoka Nairobi wakati wa uhuru. Serikali ilipobanwa ikatafuta, na mwanzoni mwa 2011 ikayapata katika ghala lake la Hanslope Park. Humo mlikuwa na majalada yapatayo 8,800 ya makoloni 37, Tanganyika ikiwa mojawapo.

Hayo hayakuwa makosa ya makarani wa masijala. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali za nchi zinazopata uhuru zisikabidhiwe hati zinazoweza kuiaibisha Serikali ya Malkia. Nyingine zilifichwa, nyingine zikateketezwa.

Oktoba 2012 Jaji McCombe aliamua kwamba shauri laweza kusikilizwa kwa haki, na wingi wa hati zilizopatikana ulikuwa sababu mojawapo kubwa. Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama zikiwamo, kwa ajili ya Wakenya 5,228, ingawa haikukiri kuwajibika kisheria. Mmoja wa wale wazee watano alikwisha kufa.

Wako watakaosema kwamba Serikali yoyote ina siri zake. Ni kweli, zipo hati za ulinzi wa nchi zisizofaa kuanikwa hadharani. Lakini ni nani aamue kwamba hati fulani ni siri ya Taifa, na si aibu ya ofisa fulani? Mdaiwa akiachiwa peke yake kuamua, itakuwa kesi ya nyani kuamuliwa na ngedere. Huko huko Uingereza, tangu mwaka 1968 majaji wanayo mamlaka ya kuzitazama wenyewe hati ambazo waziri anataka zizuiwe, wakapima manufaa ya siri dhidi ya manufaa ya haki.

Somo hili latuhusu sana sisi tunaoshika kalamu za umma. Jalada la Serikali si mali ya mkuu wa idara, wala muhuri wa "siri" haukutengenezwa kwa ajili ya kuficha uzembe. Ofisa anayeandika dokezo kwa ukweli, na karani anayelitunza jalada lisipotee, wanamwekea mwananchi ushahidi ambao yeye mwenyewe hana uwezo wa kuuweka. Mahakama inapoliita jalada hilo, wajibu wetu ni kulipeleka likiwa kamili, lisilong'olewa hata ukurasa mmoja.