Kiti Kimoja, Mtu Mmoja

Sisi wa Lushoto tumezoea kutazama mpira tukiwa tumeketi majanini, mteremkoni, mama na wanawe wakijifunika kanga moja kwa baridi ya Julai. Benchi kwetu ni anasa. Hata hivyo benchi lina udhaifu: halijui kujaa. "Sogea kidogo, ndugu," na watu watano huwa wanane.

Majukwaa ya kusimama ni hatari zaidi. Mwaka 1989, huko Hillsborough, Uingereza, msongamano nyuma ya goli uliua watu 97. Mwaka uliofuata Jaji Taylor alipendekeza kila mtazamaji apewe kiti chake. Uwanja mkuu wa Dar es Salaam uliofunguliwa mwaka 2007, ambao sasa ni Uwanja wa Benjamin Mkapa, ulijengwa hivyo, kwa viti wapatao 60,000.

Wapo wanaonung'unika kwamba kuondoa mabenchi hupunguza watu. Naam, hupunguza wale ambao hawakuwa na nafasi tangu mwanzo.

Basi ukiteremka Mombo na wanao kwenda huko, mkatie kila mmoja tiketi yake, asipakatwe. Ni gharama, najua. Mimi hupunguza soda.