Bastola mfukoni, swala msikitini: jibu letu kwa mzee wa Tanga

 

Ndugu Waislamu, tumepokea barua kutoka kwa mzee wetu mmoja wa Tanga. Mwanawe wa kiume anaishi katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, mji wenye maelfu ya Wasomali, wakiwemo Wabantu wa Kisomali waliokuja na Kiswahili chao kutoka kambi za Dadaab na Kakuma. Kijana huyo ni dereva wa lori, ana mke na watoto wawili, na hakosi Ijumaa. Katika miaka ya karibuni amekuwa akinunua bastola ndogo za aina moja. Sasa anazo tano, na moja haitoki mfukoni mwake, hata anapokwenda kuswali. Mkewe alimpigia simu mkwewe akilia, kwa kuwa siku moja alipotaka kufua suruali ya mumewe aliikuta bastola ndani yake, na mtoto wa miaka minne amesimama kando. Mzee anauliza mambo mawili. Je, mwanangu anafanya halali? Na je, mimi nikimwamrisha aziondoe, amri yangu ina uzito?

Maulamaa husema kwamba huwezi kukihukumu kitu kabla hujakijua, basi na tuieleze kwanza silaha yenyewe. Ni bastola ya namna ya rivolva, yenye gurudumu linalochukua risasi tano, mtutu wake mfupi wa inchi mbili hivi. Nyuma yake kuna nyundo inayoipiga risasi. Katika rivolva za kawaida nyundo hiyo hujitokeza nje kama ukucha, na mtu akiitoa mfukoni kwa haraka hunasa kwenye kitambaa. Kwa sababu hiyo kampuni ya Colt iliuza kifuniko cha kuizungushia nyundo kwenye bastola zake ndogo, na mwaka 1955 kampuni ya Smith & Wesson ikatoa bastola iitwayo Bodyguard, ambayo bavu zake zimeinuliwa kwa nyuma mfano wa nundu ya ng'ombe. Nyundo imezama humo, na kilichobaki ni ncha ndogo katika ufa mwembamba, ambayo kidole gumba huweza kuivuta.

Hapo pana jambo ambalo kila mke na kila mama anapaswa kulielewa. Nyundo ikiwa imelala, kifyatulio huhitaji kuvutwa kwa nguvu na kwa masafa marefu. Ikishavutwa nyuma kwa kidole gumba, kifyatulio huwa chepesi mno, na bastola za namna hii kwa kawaida hazina kizuizi cha nje cha kukizuia kidole. Aliyeitengeneza aliikusudia itoke mfukoni bila kunasa, na pakihitajika ipigwe ikiwa ingali ndani ya mfuko wa koti. Kwa ufupi, ni silaha iliyobuniwa ili aliye karibu nawe asijue kwamba unayo.

Tusimdhulumu kijana, kwani hoja zake zina nguvu. Tarehe 29 Januari 2017 Waislamu sita waliuawa msikitini katika mji wa Quebec, Canada, baada ya swala ya usiku. Tarehe 15 Machi 2019, siku ya Ijumaa, waliuawa Waislamu 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand. Kijana anamwambia baba yake kwamba wale waliuawa mikono mitupu. Anataja Aya ya 71 ya Suratun Nisaa, inayowaamrisha waumini kuchukua hadhari yao, na Aya ya 102 ya Sura hiyo hiyo, inayowaelekeza wapiganaji waswali huku wameshika silaha zao. Anataja pia Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kuuawa akiitetea mali yake ni shahidi. Yote hayo ni kweli, wala hatukubaliani na wanaomwambia Muislamu kwamba subira ni kumwachia shingo muuaji. Kujilinda ni haki, na pengine ni wajibu. Katika jimbo la Ohio, tangu mwezi Juni 2022, mtu mzima wa miaka 21 asiyezuiwa na sheria anaweza kuibeba bastola kwa siri bila ya kibali. Kwa hiyo kijana hajavunja sheria ya nchi kwa kuimiliki wala kwa kuitia mfukoni.

Lakini Aya ile ya 102 inazungumzia jeshi lililo mbele ya adui, na ndani yake mna ruhusa ya kuziweka chini silaha kwa udhia wa mvua au maradhi, pamoja na kuchukua hadhari. Kuichukua hukumu ya uwanja wa vita ukaipeleka katika safu ya swala ya Ijumaa, mjini kusiko na vita, kunahitaji dalili nyingine. Kuhusu kujilinda dhidi ya mvamizi, mafaqihi wetu hawakuliacha jambo wazi. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma vyuoni mwambao wote huu, ameweka ngazi. Mvamizi huzuiwa kwa lililo jepesi kwanza. Akizuilika kwa maneno au kwa kupiga ukelele wa msaada, ni haramu kumpiga. Akizuilika kwa mkono, ni haramu kutumia kiboko, na akizuilika kwa kiboko, ni haramu kutumia fimbo, na hivyo hivyo mpaka kufikia kuua, ambako ni ngazi ya mwisho. Na kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu ya Shafi ni kwamba ukiweza kukimbia, wajibu wako ni kukimbia.

Sasa tazameni. Tangu tarehe 6 Aprili 2021 sheria ya Ohio haimlazimishi mtu kurudi nyuma kabla ya kutumia silaha kujitetea, maadamu yupo mahali anapostahiki kuwapo. Sheria ya nchi inamwambia kijana wetu asimame, na fiqhi ya babu zake inamwambia kama mlango uko wazi atoke. Haya mawili hayagongani, maana sheria ya Ohio haijamkataza mtu kukimbia. Ila Muislamu hataulizwa mbele ya Mola wake kuhusu kile ambacho jaji wa Columbus amemsamehe tu. Na aliyebeba bastola ya risasi tano peke yake mfukoni hana fimbo wala kiboko. Ngazi zote za kati kwake zimeondolewa, amebaki na maneno na mauti. Ugomvi wa maegesho ya magari, au wa dereva aliyekatiwa njia, huweza kumfikisha kwenye mauti kabla hajamaliza kusema audhu billahi.

Hatusemi haya kwa kukisia. Tarehe 10 Februari 2015, huko Chapel Hill, North Carolina, vijana watatu wa Kiislamu, mume na mkewe na dada wa mkewe, waliuawa kwa risasi nyumbani kwao na jirani yao. Polisi walitaja ugomvi wa maegesho, na familia zao zikasema ni chuki ya dini. Mwaka 2019 muuaji alikiri kosa na kuhukumiwa vifungo vitatu vya maisha. Alikuwa na silaha nyingi nyumbani, na alikuwa na kibali halali cha kubeba bastola kwa siri. Kijana wetu anautaja msiba huo kuwa ni sababu yake ya kununua bastola. Nasi tunamwambia autazame mara ya pili, kwani yule mtu alikuwa mkusanyaji silaha kabla ya kuwa muuaji, na kibali hakikumzuia kitu.

Tuje kwenye msikiti. Mtume (S.A.W.) aliamrisha kwamba anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike kwa vyembe vyake, asije akamjeruhi Muislamu. Amekataza kumwelekezea nduguyo silaha hata kwa mzaha, kwani hujui, pengine shetani akaichomoa mkononi mwako. Amekataza pia kupokezana upanga uliotolewa alani. Zingatieni kwamba Hadithi hizi hazimzungumzii mtu mwenye nia mbaya. Zinamzungumzia mtu mwema ambaye mkono wake unaweza kuteleza. Katika Sahihi ya Bukhari, kwenye mlango wa karaha ya kubeba silaha siku ya Idi na katika Haram, imepokewa habari ya Ibn Umar (R.A.) alipochomwa mguuni kwa ncha ya mkuki huko Mina. Hajjaj alipokuja kumtazama na kumwuliza ni nani aliyemjeruhi, Ibn Umar alimwambia kuwa ni yeye Hajjaj, kwa kuwa ameziingiza silaha katika siku na mahali ambapo hazikuwa zikiingizwa. Hakumlaumu yule aliyeteleza, alimlaumu aliyeruhusu. Na katika mlango huo huo, Hasan al-Basri ametaja kwamba watu walikatazwa kubeba silaha siku ya Idi isipokuwa wakimhofia adui.

Wala tusisahau kwamba Sayyidna Umar (R.A.) aliuawa msikitini, mwaka wa 23 Hijria, kwa jambia la ncha mbili ambalo muuaji aliingia nalo kwa siri. Umma huu unaujua uchungu wa silaha ya siri ndani ya safu tangu karne yake ya kwanza.

Kwa hiyo kauli yetu ni hii. Msikiti wenye kuhofia shambulio, viongozi wake wakae, wateue walinzi wanaojulikana, wenye mafunzo, wanaosimama mlangoni wakati wengine wanaswali. Hilo ndilo linalofanana na swala ya khofu, ambamo kundi moja huswali na jingine likalinda. Ama mtu mmoja kujiteua mwenyewe mlinzi, akasujudu na bastola asiyoijua imamu wala aliye begani mwake, hilo hatulioni kuwa halali kwake. Na ajabu ni kwamba hata sheria ya Ohio, pamoja na ukunjufu wake wote, inakataza kubeba silaha ya siri katika kanisa, sinagogi au msikiti ila wenye mahali hapo waruhusu. Basi kijana amwulize imamu wake. Kama hajamwuliza, hana ruhusa ya fiqhi wala ya Ohio.

Zimebaki zile nne za kabatini. Anasema Mtume (S.A.W.) alikuwa na panga nyingi zenye majina. Ndiyo, zilikuwa za jihadi, wala hazikuwa za kutazamwa na kupigwa polishi. Na alipofariki, deraa yake ya vita ilikuwa rehani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri ya chakula cha watu wa nyumbani kwake. Anasema pia kwamba za zamani hupanda bei, kwa hiyo ni akiba. Tunasema: kama umezinunua kwa nia ya kuziuza, hiyo ni mali ya biashara, je, zaka yake unaitoa kila mwaka?

Zito zaidi ni nyumba yenyewe. Mwaka 2021 Marekani ilizika watu 48,830 waliokufa kwa silaha za moto, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Mtu hununua bastola akimwogopa mgeni, kisha ikamuua mwenye nyumba katika usiku wake mmoja wa dhiki, au mtoto aliyeivuta ile ncha ya nyundo kwa kuchezea. Mke ana haki ya kupata utulivu katika nyumba ya mumewe, na haki hiyo ni ya wajibu, ilhali kukusanya bastola, tukilifanyia hisani kubwa, ni mubaha tu.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la pili. Ndiyo, mzee wetu, amri yako ina uzito. Mzazi akimwamrisha mwanawe kuacha jambo la mubaha kwa maslahi yaliyo dhahiri, mtoto hutii. Tulimwandikia mzee amwamrishe mwanawe auze zile nne, na ile moja akiona lazima abaki nayo, iwe katika kasha la chuma lenye kufuli, risasi zake mbali nayo, na isiingie msikitini bila ya imamu kujua. Tulimwomba pia asimtishie mwanawe kumnyima radhi, maana kijana aliye mbali na mwenye khofu huzidi kukumbatia kinachomtia nguvu.

Wiki mbili zilizopita mzee ametujibu. Tatu zimeuzwa na kasha limenunuliwa, na mkewe kijana ndiye anayeushika ufunguo. Kuhusu msikiti kijana hakumwambia lolote baba yake, nasi tumemwandikia mzee amwulize tena.