Mapafu ni Mali ya Mfanyakazi

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Lakini maradhi ya mapafu yaletwayo na sigara hujificha yenyewe: mtu hupoteza sehemu kubwa ya pumzi yake kabla hajaona dalili. Ndiyo maana wako waganga watakao kila mvutaji apulize katika chombo cha kupimia pumzi, ili aone madhara mapema na aache. Je, ni haki kumpima mtu asiyelalamika, kwa kusudi la kumtia hofu?

Huko Hertfordshire, Uingereza, jambo hili lilijaribiwa kwa wavutaji 561 waliozidi umri wa miaka 35, na matokeo yakatangazwa mwaka 2008. Wote walipimwa, wakashauriwa kuacha, wakaonyeshwa na mahali pa kupata msaada. Kundi moja liliambiwa umri wa mapafu, yaani mapafu yao yalilingana na ya mtu mzima wa afya wa miaka mingapi. Kundi la pili lilipewa tarakimu tupu. Baada ya mwaka, walioacha katika kundi la kwanza walikuwa 13.6 kwa mia, na katika la pili 6.4 kwa mia. Tena, wenye mapafu mabovu hawakuacha kwa wingi kuliko wenye mapafu mazima.

Hapo pana fundisho. Kama hofu ndiyo dawa, wenye mapafu mabovu wangaliongoza. Kilichofaa ni ukweli ulioelezwa kwa lugha ya kueleweka. Hata hivyo tusijidanganye: hata katika kundi lile bora, watu zaidi ya 86 katika kila mia waliendelea kuvuta.

Kwa hiyo sisi twashika mambo matatu. Kwanza, mfanyakazi aulizwe, naye akubali kwa hiari. Pili, msaada wa kuacha uwepo siku ile ile. Kumwambia mtu kwamba mapafu yake yamezeeka, kisha kumrudisha nyumbani mikono mitupu, ni ukatili. Tatu, jibu ni mali yake, si silaha ya tajiri ya kumfukuzia kazi.

Na aliyeonekana mzima asidhani amepewa cheti cha kuvuta. Kipimo cha pumzi hakionyeshi saratani, wala hakipimi moyo.

Ndugu wafanyakazi, kipimo ni shahidi tu. Uamuzi wa kuizima sigara hauna haja ya kumngoja.